Kisanduku cha Mzio

Mtaalamu wa usingizi wa chumba cha upasuaji aligeuza kompyuta yake ili wote waione, akacheka. "Haya Bibi, hongera! Humu unasomeka una miaka mia na ishirini na tano."

Bibi hakucheka. Alikuwa amejikunja upande wa kulia, mkono kwenye mbavu, nyongo ikimsokota tangu juzi. Miaka yake ni sabini na kidogo, na kwa siku hizo mbili alikuwa amenyauka. Mwanawe, fundi wa mafriji, alicheka kidogo kwa adabu, maana mtu atakayemlaza mama yako usingizi kesho huwezi kumnunia. Mkamwana wa Bibi, mke wa fundi huyo, hakucheka kabisa. Kazini walimwita Vidole kwa wepesi wake wa kuchapa, na jina hilo lilikuwa limemganda hata mtaani.

"Tarehe ya kuzaliwa, moja Januari, elfu moja mia tisa," mtaalamu akaendelea kusoma. "Mzio wa dawa: Hapana. Safi. Kesho saa mbili asubuhi, wewe ndiye wa kwanza."

"Safi nini?" Bibi akasema. "Nimekwambia tangu asubuhi, baba. Dawa yenu ya usingizi iliniua nusu. Nilivunjika paja nikiwa msichana, nikaletwa hapa hapa. Wakanifunika kile kikombe puani, mwili ukakakamaa kama ubao, nikawaka moto. Siku tatu sijitambui. Daktari mwenyewe aliandika kwenye faili langu kwa wino mwekundu, akaniambia nisije nikakubali tena maishani."

"Usikubali dawa gani? Jina lake?"

"Ningeweza kusoma mwandiko wa daktari ningekuwa nakulaza wewe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa kicheko. Mtaalamu hakukipenda. "Bibi, dawa za usingizi si moja. Nikiziacha zote kwa sababu hujui ni ipi, upasuliwe huku unaongea? Miaka ile mtu akishikwa na homa, lawama kwa dawa. Mimi nafuata kilichoandikwa, na hapa pameandikwa Hapana."

Vidole akashindwa kujizuia. "Lakini daktari, si umesema umri umekosewa?"

"Hizi rekodi za zamani tarehe zake hazieleweki. Tumeshazoea."

"Sasa kwenye umri imekosea, kwenye mzio imepatia?"

Mtaalamu akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Dada, unafanya kazi hospitali?"

"Hapana."

"Basi." Akafunga kompyuta. "Kama mnataka kuahirisha semeni sasa hivi. Nafasi nyingine ni baada ya wiki sita, na nyongo hiyo wiki sita haifiki. Kuna maswali?"

Fundi akamkanyaga mkewe mguu taratibu. Hakukuwa na haja. Vidole alikuwa ameshanyamaza, kwa sababu kati ya watu wote waliokuwa ndani ya wodi ile ni yeye peke yake aliyejua Hapana ile imetoka wapi.

Imetoka kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi, ambako yeye na wenzake kumi na mmoja walikuwa wanakula mkate wao wa kila siku. Hospitali iliipa kampuni yao mafaili yote ya zamani, maboksi kwa maboksi, wayapige picha na kuyaweka kwenye kompyuta kubwa waliyoiita Ghala. Kila faili lilikuwa na visanduku vyake vya kujaza ili baadaye litafutike. Kisanduku cha namba kilikubali namba tu. Cha tarehe kilitaka siku, mwezi na mwaka kamili. Ukikipa mwaka peke yake kinakuwa chekundu na faili haliingii. Na cha mzio kilikuwa na majibu mawili, Ndiyo au Hapana, na ukifungua faili jipya unakuta Hapana imeshachaguliwa tayari. Ukitaka kuandika Ndiyo, kinafunguka kisanduku kingine cha maelezo, na hicho hakikubali kuachwa wazi. Ukae sasa ufumbue mwandiko wa daktari aliyeandika huku anakimbia.

Walilipwa kwa faili. Msimamizi wao, waliyemwita Kasi kwa sababu hakuwa na neno lingine, aliwaelekeza siku ya kwanza: "Tarehe usiyoijua, weka moja Januari, elfu moja mia tisa. Kile cha mzio kiacheni kilivyo, tutakirudia baadaye. Kasi, jamani, kasi!" Baadaye haikuja. Vidole alikuwa anaingiza mafaili mia mbili kwa siku, bingwa wa chumba kizima, na katika miaka miwili hakumbuki hata siku moja mkono wake kugusa Ndiyo. Hapana ile haikuwa jibu la mtu yeyote. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyesoma.

"Na faili lenyewe?" akauliza kwa sauti ndogo. "La karatasi?"

"Karatasi zilishachukuliwa na lori, dada. Sisi wodini tunaona visanduku tu. Picha ziko kwa hao kampuni. Unaandika barua, unangoja siku tano za kazi."

*

Kwenye korido, kati ya ndoo ya kudekia na benchi lenye mguu mmoja wa tofali, alimweleza mumewe.

"Unajuaje kwamba faili halikusomwa?" Fundi akauliza.

"Kwa sababu ndivyo tunavyojaza."

"Mnavyojaza nyinyi nani?"

"Sisi. Mimi. Wote."

Fundi alikuwa mtu wa kurudi kwa mteja bila kudai chochote friji ikigoma ndani ya mwezi. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeuziwa nyama akafika nayo nyumbani ikanuka. "Mimi nikifunga friji ya mtu tupu, halafu nikamwandikia ina gesi, wewe ungeniitaje?"

"Utaniita utakavyo kesho. Leo sina muda wa kuitwa."

"Mama watoto, pale ndani ni mama yangu."

"Kwani mimi nimemlea nani miaka kumi na minne? Jirani?" Akachukua kadi ya zamani ya Bibi mkononi mwa mumewe, ile iliyochakaa hadi ikawa laini kama kitambaa, yenye namba ya faili. "Nakwenda kazini. Nisiporudi na jina la dawa kabla hujaletewa fomu ya kusaini, usisaini."

"Nisiposaini nyongo itapasuka."

"Najua."

"Nikisaini..."

"Najua, baba, najua! Niachie njia."

*

Kasi alikuwa anakula yai la kuchemsha. Alikuwa na mtindo wa kulimenya mezani, juu ya orodha za mafaili, na maganda kuyapuliza chini, afagie atakayefagia. Vidole alisimama. Kiti kilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na koti la bosi, na bosi hakuliondoa.

"Si umeomba ruhusa ya kuuguza? Mbona umerudi?"

Akamweleza. Alimweleza yote, nyongo, kikombe cha puani, wino mwekundu, kesho saa mbili. Kasi alitafuna akimtazama, kiini cha yai kimemganda pembeni ya mdomo.

"Picha za wagonjwa ni siri," akasema mwishowe. "Tumesaini."

"Ni mama mkwe wangu, bosi. Nina kadi yake hii hapa."

"Kadi si barua."

"Barua ni siku tano. Yeye anapasuliwa kesho."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa ugonjwa?" Akajifuta vidole kwenye suruali. "Hebu tuongee kama watu wazima. Unajua wiki ijayo hospitali wanakuja kukagua na kupokea kazi?"

"Najua."

"Sasa wewe, mtu wangu mwenyewe, mtu ninayekutaja kwa wageni, upeleke pale picha inayosema Ndiyo, wakati kisanduku chetu kinasema Hapana. Si utakuwa umetuvua nguo sokoni?"

"Bosi, atakufa."

"Usiseme hivyo. Watu wanapasuliwa kila siku." Lakini alikuwa ameshaanza kufikiri, na Vidole aliyajua mafikirio yake, yalikuwa yanaanzia kwenye macho kusinyaa. Akavuta kibodi. "Nipe hiyo namba."

Akaichapa. Ghala likafikiri kidogo, likatoa faili moja. Jina lilikuwa la usichana wa Bibi, jina ambalo nyumbani halikutajwa hata siku ya msiba. Tarehe, moja Januari, elfu moja mia tisa. Mzio, Hapana. Na chini kabisa, kwenye kisanduku ambacho mashine hukijaza yenyewe bila kumwuliza mtu: Aliyeingiza, 07.

Saba ilikuwa namba ya Vidole.

Alitafuta kumbukumbu ya faili lile kichwani hakuipata. Siku, boksi, hakuna. Lilipita mikononi mwake kama yalivyopita mengine mia na tisini na tisa ya siku hiyo, na jioni yake pengine alikwenda nyumbani akamkandia Bibi yule yule miguu kwa maji ya moto.

"Aa," Kasi akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kumbe ni kazi yako mwenyewe. Ungesema tangu mwanzo tusingebishana." Akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akavisukuma mbele yake. "Picha nitakufungulia. Ila andika kwanza. Mimi, mfanyakazi namba saba, kwa uzembe wangu na kinyume cha maagizo ya msimamizi, nilijaza kisanduku cha mzio bila kusoma."

"Kinyume cha maagizo gani? Si wewe uliyesema tukiache kilivyo?"

"Andika, au nenda ukaandike barua ya siku tano."

Aliinama akaandika, amesimama, karatasi ikiteleza juu ya maganda ya yai. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Miaka miwili alikuwa hajashika kalamu. Kasi aliusoma akisogeza midomo.

"Ongeza naomba radhi."

Akaongeza.

"Kwa kampuni."

Akaongeza kwa kampuni. Kasi akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga ule mfuko. Ndipo alipofungua picha.

Haikufichwa hata kidogo. Ilikuwa kwenye jalada, ukurasa wa kwanza, ule ambao kwenye kila faili unauona kabla ya mingine yote, kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto wa darasa la pili angezisoma: ASIPEWE TENA GESI YA HALOTHENI. ALIKAKAMAA, JOTO KALI, ALIKARIBIA KUFA. Chini yake mistari miwili, imekazwa hadi karatasi ikachanika. Daktari yule, ambaye leo pengine ni marehemu, alifanya kila aliloweza kwa kalamu yake. Na yeye Vidole aliushika ukurasa huu kwa mikono miwili, akaulaza kwenye mashine, akaupiga picha, akaendelea.

Akatoa simu. "Ngoja," Kasi akasema. Chini ya picha palikuwa na nembo ya kampuni. Akaweka dole gumba lake juu ya nembo, lile lenye kiini cha njano cha yai kwenye ukucha, akalikandamiza kwenye kioo. "Sasa piga."

*

"Kidole cha nani hiki?" mtaalamu wa usingizi akauliza. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, anajiandaa kuondoka, begi liko begani.

"Soma maandishi, daktari. Kidole kiache."

Akasoma. Akaipanua picha, akasoma tena. Akalitua begi chini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho mchana alikuwa amesimama kando yake. "Halotheni," akasema. "Ndiyo ninayotumia kila siku. Mashine yangu imejaa hiyo." Kisha akaanza kusema haraka, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao: kwamba atamlaza kwa sindano ya mshipa, kwamba mashine ile haitaingia chumbani hata kwa bahati mbaya, kwamba lazima ampigie simu daktari wa upasuaji sasa hivi. Neno samahani hakulisema. Pengine lilikuwemo katika ile haraka.

"Mimi nilikwambia kwa mdomo hukuniamini," Bibi akasema bila kufungua macho. "Umeamini simu."

Walimpasua siku ya pili, saa nne badala ya saa mbili. Alitoka akiwa na mawe kumi na saba kwenye kichupa na hasira zake zote mahali pake. Siku ya tatu alikuwa ameshakaa kitako, akiwahadithia wodi nzima. "Mnamwona huyu? Huyu si mkamwana, huyu ni mwanangu wa kumzaa. Alikimbia mji mzima kuitafuta hiyo picha. Mngekuwa mnanitupia mchanga sasa hivi." Wagonjwa wakamsifu Vidole, mmoja akambusu mkono, na kila sifa ilimshuka tumboni kama chakula kilichochacha. Fundi alikuwa anatazama dirishani. Hakuwa amemwambia mama yake kitu, wala kwa siku tatu hakuwa amemwambia mkewe zaidi ya habari za funguo na mapapai.

Wageni walipoondoka, Vidole akavuta stuli. "Mama. Ile Hapana niliijaza mimi."

Bibi akageuka taratibu kwa ajili ya nyuzi.

"Faili lako lilipita kwangu. Sikulisoma. Hatusomi, mama, tunalipwa kwa idadi. Lilikuwa jina lako la usichana, sikujua ni wewe."

Bibi akavuta shuka hadi kifuani. "Ungejua ni mimi ungeandika Ndiyo?"

"Wallahi ningeandika."

"Basi hapo ndipo panaponiuma," Bibi akasema. "Wala si kwenye kidonda."

Alinyoosha mkono, lakini alikuwa anatafuta kikombe cha maji.

*

Jumatatu Vidole alirudi kwenye chumba cha juu ya duka la rangi. Kitu cha kwanza, kabla ya kufungua boksi lolote, alilitafuta faili la Bibi, akahamisha alama kutoka Hapana kwenda Ndiyo, kisanduku cha maelezo kikafunguka, akayanakili maneno ya daktari yule herufi kwa herufi. Ilimchukua dakika moja na nusu. Kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa bado kwenye kibodi, akafanya jambo ambalo hakuna mtu chumbani aliyewahi kulifanya. Aliliambia Ghala litafute mafaili yote yenye Mzio: Ndiyo.

Yalikuwa yameshaingia mafaili laki sita. Watu laki sita, wa miaka mingi, wa kila ugonjwa. Ghala likafikiri, likajibu: Matokeo, 1.

Alikaa akiitazama ile moja. Akajaribu tena, labda amekosea. Moja. Hakusikia Kasi alivyosogea nyuma yake. Alisikia harufu ya yai.

"Nini hicho?"

"Wenye mzio wote wa hospitali nzima. Ni mama mkwe wangu peke yake."

Kasi akasoma. Uso wake haukuonyesha aibu yoyote, ulionyesha hesabu. "Irudishe," akasema.

"Niirudishe nini?"

"Irudishe Hapana. Kesho kutwa wakaguzi wanakuja. Wakikuta hakuna hata mmoja, watajua kisanduku hakitumiki, tutasema kitajazwa awamu ya pili. Wakikuta mmoja, wataanza kuuliza mbona mmoja. Mama mkwe si ameshapasuliwa? Si mzima? Hakihitaji tena."

Vidole akamgeukia. "Na hao wengine?"

"Hao wana wakwe zao. Kila mtu amtafute wa kwake."

Alikuwa amemjua mtu huyu miaka miwili, na miaka yote miwili alimwona mchoyo tu, mroho wa kazi, basi. Sasa alimwona vizuri, na kibaya zaidi ni kwamba sauti ile haikuwa ngeni. Ni ile ile iliyomjibu Bibi kule wodini: ningejua ni wewe ningeandika.

"Rudisha mwenyewe," akasema, akasimama akampisha kiti. "Akaunti yangu nimeshaifunga. Ingia kwa jina lako."

Kasi akakaa. Akaweka mikono kwenye kibodi, akaandika jina lake nusu, akaacha. Ghala lile liliandika kila kitu, nani kaingiza, nani kabadilisha, siku gani na saa ngapi, na hicho kilikuwa kisanduku pekee ambacho hakuna mtu aliyeweza kukidanganya. Mikono ya bosi ikaondoka kwenye kibodi taratibu, ikarudi mapajani. Akageukia chumba.

"Nani ananisaidia hapa mara moja? Ni kisanduku kimoja tu."

Vibodi vyote kumi na kimoja vikanyamaza. Hakuna aliyeinua kichwa, wala aliyesema hapana. Waliinamia maboksi yao wakangoja. Vidole akachukua mkoba wake.

"Ukitoka hapo nina karatasi yako mfukoni!" Kasi akapaza sauti.

"Isome vizuri," akajibu akiwa mlangoni. "Nimeandika bila kusoma. Ndivyo ilivyokuwa."

*

Alimkuta mtaalamu wa usingizi kwenye meza ya wauguzi, orodha ya upasuaji wa kesho mbele yake. Majina saba. Alimweleza kwa ufupi, maana alikuwa anaogopa akirefusha atalia. Laki sita. Moja. Tunakiacha kilivyo.

Mtaalamu alimsikiliza kalamu ikiwa mdomoni. Kisha akafungua kompyuta, akaanza kulisoma jina moja moja la kesho kwa sauti ya chini. Hapana. Hapana. Hapana. Saba, zote Hapana. Alisimama kwenye la nne, akamwonyesha.

"Hii uliijaza wewe?"

"Sijui. Zote zinafanana."

"Mwaka mzima ninazisoma hizi," akasema, "na ninalala." Akasukuma kiti, akachukua karatasi ya orodha na kalamu, akaanza kwenda wodini. Hakumwita, lakini hakumkataza, kwa hiyo Vidole akamfuata.

Kitanda cha kwanza alikuwa kijana mwenye ngiri. Baba, umewahi kupewa dawa ikakudhuru? Hapana, daktari. Mtaalamu akaandika. Cha pili, mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu na bintiye. Hapana, hata panadoli sijameza sana. Akaandika. Cha tatu alikuwa mama mmoja mnene mwenye uvimbe wa shingo, anakunja kanga zake vizuri juu ya kabati kama mtu anayejiandaa na safari.

"Mama, umewahi kupewa dawa ikakudhuru?"

Mama akaacha kukunja. Aliwatazama wote wawili, kwanza daktari, kisha huyu mwanamke wa mkoba asiyemjua, aliyekuwa ameshika chuma cha kitanda kwa nguvu.

"Nyie watu mna nini?" akasema. "Si mliniandikia wenyewe kwenye faili?"

Mtaalamu akaweka kalamu tayari. "Dawa gani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nimezimia. Kasomeni."